Kabati Tupu la Liti: Sanaa ya Kisasa, Makumbusho ya Umma na Historia ya Singida

Mara nyingi timu kubwa inapokuja Singida kucheza, maelfu ya watu huingia katika uwanja unaobeba jina la mwanamke ambaye wengi wao hawajui alikuwa nani. Ni Uwanja wa Liti, ambao kwa miaka mingi uliitwa Namfua. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa historia: Liti ni nani? Mmoja alijibu, bila kusita, kwamba ni kifupisho cha jina la kampuni. Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Sikuwa na haki ya kuwalaumu. Mimi pia sikumjua Liti kupitia darasa. Shuleni tulikariri Mkwawa, Mangi Meli, Abushiri, Kinjekitile. Liti nilimsikia kwa bibi yangu, jioni, tukipukuchua mahindi. Bibi hakuwahi kutamka neno "upinzani" wala "ukoloni". Alisema tu "nyuki wa Liti", kana kwamba kila mtu anajua.

Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuukataa utawala wa Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi ya Unyaturu yanasema silaha yake ilikuwa nyuki, waliotoka kwa amri yake na kuwatawanya askari wa mkoloni. Yanasema pia kwamba mwishowe aliuawa, na yako yanayoongeza kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ulaya. Vuguvugu la Wanyaturu dhidi ya Wajerumani lilifikia kilele mwaka 1908, na mwaka 1969 mtafiti Marguerite Jellicoe aliliandikia makala katika jarida la *Tanzania Notes and Records*. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu makala hiyo itoke. Liti amepata uwanja wa mpira; hajapata ukurasa katika vitabu vingi vya shule wala kabati katika makumbusho.

Nataka kulitazama pengo hilo kupitia jambo ambalo huenda msomaji akaliona liko mbali na Singida: maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya kisasa katika makumbusho ya umma. Hoja yangu ni kwamba katika miaka kumi iliyopita sanaa hiyo imefanya kazi ambayo makumbusho yetu hayakuweza kuifanya kwa njia zake za kawaida. Imeonyesha kitu ambacho hakipo. Na historia ya Singida, kwa sehemu kubwa, ni historia ya vitu ambavyo havipo.

Kwa nini makabati ni matupu

Tuanze na utaratibu, maana uporaji wa kikoloni ulikuwa na utaratibu wake wa kiofisi. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba makusanyo ya kisayansi yanayotokana na misafara iliyogharimiwa na serikali yapelekwe kwanza katika makumbusho ya Berlin. Kuanzia hapo, ofisa wa jeshi aliyetumwa bara hakubeba bunduki na daftari la kodi peke yake. Alitarajiwa pia kupeleka ngao, ngoma, viti vya watawala na vifaa vya waganga. Felix von Luschan, aliyesimamia sehemu ya Afrika na Oseania katika makumbusho hayo, aliwaandikia wakusanyaji maelekezo ya namna ya kukusanya. Alikusanya pia mafuvu ya binadamu. Leo hii Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yanahifadhi vitu vipatavyo 10,000 vyenye asili ya Tanzania.

Singida haikuwa nje ya mkondo huo. Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni ya leo, palikuwa na kituo cha jeshi la Wajerumani. Mkalama palijengwa boma. Ofisa Eberhard von Sick aliandika kuhusu Wanyaturu katika jarida la makumbusho ya Berlin, makala iliyochapishwa katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanajiografia Erich Obst alipita Isanzu na Iramba akiwa na msafara uliotumwa kutoka Hamburg, naye akaandika kuhusu nchi ya Wahadzabe. Maana yake ni kwamba yuko mtu aliyetuona, akatuandika na kuchapisha. Maandishi hayo yapo. Tatizo ni kwamba mtoto wa Ilongero hawezi kuyafikia, na mara nyingi hata mwalimu wake hajui kwamba yapo.

Upande wa pili wa bahari, makumbusho yetu yalizaliwa kwa kusudi jingine kabisa. Jengo la Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa, na Sheria ya mwaka 1980 ikaipa taasisi hiyo sura yake ya sasa. Tulirithi jengo, lakini vitu vingi vya vita vya wakati wa Wajerumani vilikuwa vimekwisha kuondoka kabla msingi wake haujachimbwa. Mratibu wa makumbusho anayetaka kusimulia vita hivyo anakuta ana maelezo marefu ya ukutani na kabati lisilo na kitu cha kuweka.

Sanaa ilipoingia mahali patupu

Sanaa ya kimataifa si ngeni katika makumbusho hayo. Tangu mwaka 2003 Dar es Salaam imekuwa mwenyeji wa Biennale ya Sanaa ya Afrika Mashariki, na kuta za Makumbusho ya Taifa zilipokea michoro ya wasanii wa nchi nyingi. Hayo yalikuwa maonyesho yenye heshima. Lakini uhusiano wake na jengo ulikuwa kama wa mgeni na nyumba ya wageni: michoro ilitundikwa, ikatazamwa, ikaondoka. Haikuuliza maswali kuhusu nyumba yenyewe.

Mabadiliko yalionekana mwishoni mwa mwaka 2016. Mradi ulioitwa Humboldt Lab Tanzania uliwakutanisha watafiti, wahifadhi na wasanii wa Tanzania na Ujerumani kuhusu vitu vilivyotwaliwa katika vita vya kikoloni, Majimaji ikiwa mojawapo, na vilivyohifadhiwa Berlin. Ndani ya mradi huo kulifanyika maonyesho ya sanaa ya kisasa katika Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, kwa jina *Living Inside the Story*, yaani kuishi ndani ya simulizi. Vitu vyenyewe vilibaki Berlin. Kilicholetwa mbele ya watazamaji wa Dar es Salaam kilikuwa kazi za wasanii walioulizwa: kitu hiki kilichukuliwa kwenu, una lipi la kusema?

Kwa mhifadhi aliyefundwa kwamba maonyesho ni vitu, hali hiyo ni upungufu. Kwa msanii ni mahali pa kuanzia. Msanii wa leo anaweza kujaza chumba kwa sauti ya mtu anayeita jina, kwa picha ya kivuli, kwa kiti kisicho na mwenyewe, na mtazamaji akatoka akiwa ameelewa kwamba kuna kitu kilipaswa kuwa hapo. Makumbusho ya kawaida hayana lugha ya namna hiyo. Lebo ya makumbusho huanza kwa kutaja kitu, mwaka na mahali kilipopatikana. Haijafundishwa kuandika "hakipo".

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Kwa miongo mingi mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, aliulizia kichwa cha babu yake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Barua zilikwenda, majibu hayakuja. Ndipo wasanii wa kundi la Flinn Works la Berlin, wakishirikiana na Watanzania, walipotengeneza kazi ya picha, sauti na filamu iliyoitwa *Mangi Meli Remains*. Ilionyeshwa Berlin mwaka 2018, kisha ikaletwa nyumbani Old Moshi mwaka 2019. Mwaka 2022 yakafuata maonyesho ya kutembea yaliyoitwa *Marejesho*, yaliyozunguka Kilimanjaro na Meru yakiwa na picha za vitu vilivyo katika makumbusho ya Ujerumani. Watu walivitazama, wakavitambua, wakavitaja majina na kusema wanataka nini kifanyike. Mpangilio wa kawaida uligeuzwa: mtu wa kijijini aliyekuwa akitazamwa na wataalamu sasa ndiye aliyetoa maelezo, na mtaalamu akaandika.

Kutoka chumba cha maonyesho hadi meza ya serikali

Mwaka 2011 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipokea mkusanyiko mkubwa wa mafuvu kutoka hospitali ya Charité, na mwaka 2017 ilianza kuchunguza yale ya Afrika Mashariki. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Yalichunguzwa mafuvu 1,135: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya, na machache hayakuweza kupewa nchi. Kati ya yale machache yaliyokuwa na maelezo ya kutosha, uchunguzi wa vinasaba ulipata mafuvu matatu yenye ndugu walio hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mawili yalihusishwa na familia ya Shangali. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa hayo.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali waliponyongwa mashujaa wa Majimaji mwaka 1906, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Mwaka uliofuata filamu ya *The Empty Grave*, yaani kaburi tupu, ilizifuata familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao. Novemba 2024 yakafunguliwa Berlin, katika Humboldt Forum, maonyesho makubwa kuhusu historia za Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho yetu ya Taifa.

Mwanahistoria asiseme kwamba sanaa ndiyo iliyoyaleta hayo yote. Familia ziliuliza kabla ya wasanii. Wanaharakati wa miji ya Ujerumani walipiga kelele kwa miaka. Wanasayansi walifanya kazi yao. Lakini sanaa ililitoa swali katika faili na kuliweka katika chumba ambamo waziri, mwanafunzi na mjukuu wa marehemu walisimama pamoja. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa ofisi yoyote kujibu kwamba suala hilo haijalisikia.

Pingamizi mbili za haki

Ipo pingamizi ya kwanza, nayo ni nzito. Nani anagharimia? Sehemu kubwa ya fedha za miradi hii imetoka Ujerumani. Mdaiwa anapolipia hafla ya kuzungumzia deni, mdai hana budi kuwa macho. Maonyesho yanaweza kugeuka rambirambi: kila mtu akatoa pole, akasaini kitabu cha wageni, na kitu kikabaki kilipo. Tena mwenye fedha ndiye anayechagua swali. Ndiyo maana maeneo yaliyobahatika kupata miradi ni yale yenye majina yaliyokwisha kujulikana Ulaya: Majimaji, Kilimanjaro, Uhehe. Mahali ambapo hapajulikani hapapati mradi, na kwa kuwa hapapati mradi, hapajulikani.

Singida imeathirika zaidi kwa sababu ya tarehe. Masimulizi yetu ya shule hufunga mlango wa upinzani mwaka 1907, Majimaji ilipozimwa. Baada ya hapo huja sura ya mageuzi: Gavana Rechenberg, ziara ya Waziri wa Makoloni Dernburg mwaka 1907, reli, pamba, shule. Wanyaturu waliasi mwaka 1908, yaani katikati ya sura ya mageuzi. Hawakuingia katika mpangilio, basi wakaachwa nje. Tukio zima linakosa nafasi kwa sababu tu lilichelewa kwa mwaka mmoja katika kalenda ya mwandishi wa kitabu.

Pingamizi ya pili nimeisikia kwa watumishi wa umma, nayo nisingependa kuidharau. Mkoa wenye upungufu wa maji na madarasa unahitaji maonyesho ya sanaa? Jibu langu ni kwamba hatuchagui kati ya kisima na kumbukumbu, maana bajeti zake hazifanani hata kidogo. Tunachozungumzia kwa hatua ya kwanza ni kazi ya daftari, kinasa sauti na safari za pikipiki. Na dola yetu inajua thamani ya kuomboleza hadharani. Katika viwanja vya Makumbusho ya Taifa ipo kumbukumbu ya watu 11 waliouawa Dar es Salaam katika shambulio la tarehe 7 Agosti 1998. Hakuna aliyesema fedha hizo zingechimba kisima. Wafu wale walistahili. Tunachouliza ni kwa nini wafu wa 1908 wasistahili.

Lililo ndani ya uwezo wetu

Historia inatupa onyo moja kuhusu kuchelewa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Liliwasili mwaka 1954, miaka 35 baadaye, na Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu. Watu wa Uhehe walilipokea kwa heshima, nalo liko Kalenga. Lakini somo ni kwamba hata mkataba wa kimataifa haukutosha bila maelezo ya kina ya nani alichukua nini, wapi na lini. Mafuvu 202 ya Berlin hayawezi kusema yenyewe kama yupo miongoni mwao mtu wa Unyaturu. Na Berlin si mahali pekee pa kuuliza: mkusanyiko binafsi wa von Luschan ulinunuliwa mwaka 1924 na makumbusho ya historia ya asili ya New York.

Kwa hiyo, kabla Singida haijaota maonyesho ya kimataifa, iko kazi ya nyumbani. Mkoa una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Kila halmashauri ina dawati la utamaduni. Ofisa utamaduni yuko chini ya TAMISEMI, makumbusho yako chini ya Maliasili na Utalii, na msanii yuko chini ya wizara inayoshughulikia utamaduni na sanaa. Simulizi la Liti linaanguka katikati ya viti hivi vitatu, na kila mwenye kiti anaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba si lake. Mtu wa kwanza kuliokota anaweza kuwa ofisa mmoja tu mwenye nia, atakayeandika orodha ya wazee wanaolijua simulizi hilo kabla hawajatutoka.

Wanafunzi mnaosoma hapa, nyinyi mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Tasnifu ya shahada ya kwanza inaweza kuwa rekodi ya masimulizi ya kijiji kimoja, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, ikinakiliwa neno kwa neno. Mwingine anayejua Kijerumani asome makala ya von Sick na kutuambia vitu gani anavitaja na vilikwenda wapi. Wanaharakati waandike barua yenye swali moja kwa makumbusho ya Berlin na ya Hamburg: mna nini kutoka Singida? Barua hiyo ipitie Makumbusho ya Taifa, kwa sababu dai la urejeshaji ni dai la nchi, na familia isiachwe kubisha hodi peke yake kama alivyoachwa Mzee Isaria kwa miaka mingi.

Baada ya hapo ndipo tumwite msanii. Nami nadhani hatakosa la kufanya. Singida inajitangaza nchi nzima kwa asali yake. Chumba chenye giza, mizinga ya magogo iliyotundikwa kama inavyotundikwa katika misitu ya Manyoni na Itigi, na mvumo wa nyuki unaopanda hadi mtazamaji atamani kutoka: hicho kingetosha kumfanya mtoto wa mjini aulize kilichotokea mwaka 1908. Mahali panaweza kuwa Makumbusho ya Taifa, na panaweza kuwa chini ya majukwaa ya uwanja ule ule wa mpira, siku ya mechi, watu wakiwa wamekwisha kukusanyika.

Muhula ujao nitauliza tena swali lile darasani. Nimemwomba yule kijana aliyejibu kwamba Liti ni kampuni aanze yeye. Kwao ni Ikungi, na bibi yake bado yuko hai.